Kutoka Dar hadi Itetemia: Ndege ni saa moja na ushei, lakini mama anauliza utafika lini

SIMU huwa inaita usiku. Dada aliyebaki nyumbani Itetemia, Tabora, anampigia kaka yake aliyeko Dar es Salaam. Hasalimii kwa kirefu kama siku nyingine.

“Kaka, mama amezidiwa.”

“Nakuja.”

“Utafika lini?”

Hapo ndipo kaka anaponyamaza. Anajua Tabora iko mbali, lakini hajawahi kukaa akapiga hesabu umbali huo ni saa ngapi hasa kwa mtu anayeanza safari usiku huu, mfukoni akiwa na fedha alizonazo leo. Anafungua simu, anatafuta, anaambiwa kwamba kwa ndege ni saa moja na dakika kadhaa. Anapata nguvu. “Kesho asubuhi niko hapo,” anasema.

Mara nyingi hafiki kesho asubuhi. Nyumba nyingi zimebaki na donda kwa sababu ya ahadi hiyo: kaka aliyefika watu wametoka makaburini, dada mkubwa anayelaumiwa kwa kutosubiri, na maneno yanayorudi kila familia inapokutana. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kilichokosewa ni hesabu.

Ni kilomita ngapi?

Itetemia ni moja ya kata za Manispaa ya Tabora, katika nchi ya kale ya Unyanyembe. Ukipiga mstari ulionyooka kutoka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi uwanja wa ndege wa Tabora, unapata takriban kilomita 730. Huo ndio umbali wa ndege.

Gari haliruki. Barabara inapita Morogoro hadi Dodoma, ambako ni kama kilomita 450 kutoka Dar, kisha Manyoni, na kutoka hapo inakata kwenda Itigi na kuingia Tabora, kilomita nyingine 264. Jumla inafika karibu kilomita 840. Dereva akiamua kuzungukia Singida na Nzega, safari inapita kilomita 1,000. Kwa hiyo anayekata tiketi ya basi aulize swali moja la muhimu: “Mnapita Itigi au mnazunguka Nzega?” Tofauti yake ni saa kadhaa za maisha yako.

Reli ya zamani nayo ni kama kilomita 840. Si ajabu reli na barabara kulingana namna hiyo, kwani zote mbili zinafuata kwa sehemu kubwa njia ileile ya misafara iliyotoka pwani kupitia Ugogo hadi Unyanyembe, na kutoka hapo hadi Ujiji.

Kuna kipimo kingine cha umbali ambacho familia za Kiislamu hukiona kila mwaka bila kukipigia hesabu. Dar na Tabora zinatumia saa moja, lakini jua halifuati saa ya ukutani. Kwa kuwa Tabora iko magharibi zaidi, jua huzama huko kama dakika 25 baada ya kuzama Dar. Mtoto aliyeko Dar akimaliza futari yake na kumpigia mama simu Itetemia, mama bado amefunga.

Wazee walihesabu kwa miezi

Anayelalamika kwamba basi linachosha atazame waliotangulia. Waingereza Richard Burton na John Speke walianza safari kutoka pwani mwishoni mwa Juni 1857. Waliingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Burton alihesabu kuwa hiyo ilikuwa siku ya 134, baada ya mwendo wa maili 600 hivi, sawa na kilomita 960 au zaidi. Ukigawanya, ni kilomita 7 kwa siku, umbali ambao bodaboda huumaliza kabla abiria hajakaa vizuri.

Si kwamba walikuwa wavivu wa kutembea. Msafara ulisimama kwa homa, kwa mvua, kwa kutafuta chakula, na kwa wapagazi waliokimbia. Katika Ugogo ulisimama kwa hongo, ushuru uliolipwa kwa watemi kwa nguo na shanga kabla ya kuruhusiwa kuchota maji na kupita. Kati ya Ugogo na Unyamwezi kulikuwa na Mgunda Mkali, pori ambalo jina lake linatosha kueleza. Henry Morton Stanley, aliyekuwa na haraka zaidi, aliondoka Bagamoyo Machi 1871 na kufika Unyanyembe Juni. Hata yeye alitumia takriban miezi mitatu.

Mizigo ilikuwa mabegani mwa watu, wengi wao Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka, chungu na silaha ya mpagazi mwenyewe. Abiria wa ndege wa leo anayenung’unika mizani ikimwambia amezidisha kilo 23 angekumbuka kwamba babu yake huenda alibeba zaidi ya hizo kwa miguu, kutoka Tabora hadi baharini, na akarudi na mzigo mwingine.

Kwa familia, maana yake ilikuwa kungoja. Wanyamwezi walipenda kushuka pwani wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, na kujitahidi kurudi kabla ya mvua za kupanda. Mke aliyebaki alijua msimu tu, siku hakuijua. Hakukuwa na wa kumuuliza “umefika wapi?” Wengine waliandamana na waume zao njiani, wakipika kambini. Na kwa vijana, kwenda pwani na kurudi ilikuwa njia ya kuonyesha kwamba mtu amekuwa mwanamume.

Aliyefia njiani

Wapo ambao hawakurudi. Swali la nani atamzika mtu aliyefia mbali na kwao ni la zamani kuliko mabasi na ndege, na jibu moja lililotokana na njia hiyo bado liko hai: utani. Wanyamwezi wana utani na Wazaramo, Wagogo na makabila mengine yaliyokuwa kando ya njia ya misafara. Leo watu huujua zaidi kwa matusi ya kuchekesha msibani na kwa mtani kukalia jeneza mpaka apewe chochote. Chini ya kicheko hicho kuna mkataba mzito: ukifika kwangu na njaa, utakula, ukifia kwangu, nitakuzika. Mtu aliyekuwa miezi mitatu mbali na mama yake alihitaji ndugu wa njiani.

Mfano mkubwa wa kubeba maiti kwenye njia hii ni ule wa Chuma na Susi. David Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kuanzia Februari hadi Agosti 1872, akingoja wapagazi na vifaa. Tembe alilokaa limejengwa upya na sasa ni makumbusho. Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa Mei 1873, alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao wakaukausha mwili na kuanza kuubeba kuelekea pwani.

Oktoba 1873 walifika Unyanyembe. Hapo walimkuta ofisa wa Uingereza, Verney Lovett Cameron, ambaye aliona ni afadhali azikwe hapohapo. Wao walikataa. Walipoendelea na safari wakakutana na watu wasiotaka maiti ipite katika nchi yao, wakaufunga mwili upya ufanane na robota la nguo ili wapite. Februari 1874 walikuwa Bagamoyo, baada ya zaidi ya kilomita 1,600.

Familia za leo zinazokodi gari kuupeleka mwili Tabora kutoka hospitali za Dar zinafanya kwa usiku mmoja kazi ya aina ileile. Hata hoja zinazotolewa kikaoni ni zilezile: mmoja anasema azikwe hapa alipofia, mwingine anasema hapana, arudi kwao.

Reli iliposogeza nyumbani

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kwenda Mwanza lilikamilika mwaka 1928, na Tabora ikawa njia panda ya treni. Safari ya miezi mitatu ikawa ya siku chache, baadaye ikawa kama ya siku moja na zaidi.

Reli ndiyo iliyoifanya Tabora kuwa mji wa shule. Watoto waliletwa kutoka mbali kusoma, akiwamo Julius Nyerere, aliyesoma Shule ya Serikali ya Tabora kuanzia mwaka 1937 hadi 1942, kisha akarudi mjini humo kufundisha St. Mary’s. Mzazi aliweza kumpandisha mtoto treni akijua atashuka stesheni gani na siku gani. Hilo halikuwezekana wakati wa misafara.

Hesabu ya kweli ya ndege

Turudi kwa kaka aliyeahidi kufika asubuhi. Shirika la Ndege Tanzania hutumia kwa safari za mikoani ndege za mapangaboi aina ya Dash 8-Q400, zenye viti 76. Ndege hiyo ikiwa angani hukata zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Gawanya kilomita 730, ongeza muda wa kupanda juu, kushuka na kutembea uwanjani, unapata kama saa moja na dakika 20 iwapo haitui mahali pengine kwanza.

Sasa ongeza yale ambayo simu haisemi. Kutoka Mbagala au Bunju hadi uwanja wa ndege, foleni ya Dar inaweza kula saa moja na nusu au mbili. Abiria anatakiwa awe uwanjani mapema, kwa kawaida saa mbili kabla ya kuondoka. Akishuka Tabora anasubiri begi, anatafuta bajaji, anakwenda Itetemia. Mlango kwa mlango, saa moja na dakika 20 imekuwa saa sita hivi. Bado ni haraka sana.

Lakini kuna kitu kikubwa kuliko vyote hivyo: ndege inaondoka lini? Basi la Tabora lipo kila siku. Ndege inategemea ratiba, na ratiba ina siku zake na nafasi zake. Ikiwa simu imeingia usiku, na ndege yenye nafasi ni ya keshokutwa mchana, basi ndege hiyo imekuwa safari ya saa 40.

Linganisha na basi. Mabasi ya abiria hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Kilomita 840 kwa mwendo huo ni saa 10 na nusu bila kusimama popote. Ukiweka chakula, vituo na ukaguzi, ni saa 13 au 14. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Anayewahi Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, akapata basi la jioni, anaweza kuwa Tabora kesho yake asubuhi, wakati yule wa ndege bado anangoja siku yake.

Njia ya tatu imeongezeka. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR inabeba abiria kutoka Dar hadi Dodoma kwa muda wa saa tatu na nusu hadi nne hivi. Kutoka Dodoma hadi Tabora kunabaki kama kilomita 390 za lami, saa sita hivi kwa basi. Anayepanga vizuri muda wa kuunganisha anaweza kufika siku hiyohiyo. Reli hiyo imepangwa kuendelea kutoka Makutupora hadi Tabora na kwenda mbele Isaka, Mwanza na Kigoma. Itakapofika, hesabu ya familia nyingi za Unyamwezi itabadilika tena.

Kwa hiyo usafiri wa haraka si lazima uwe ule wenye kasi kubwa. Ni ule unaoondoka kwanza, ambao una nauli yake, na unaofika kabla ya saa unayohitajika.

Mkubaliane kabla simu haijaita

Familia iliyotawanyika kati ya Dar na Tabora inahitaji kikao kimoja wakati wote wakiwa wazima, ikiwezekana mama mwenyewe akiwepo. Mambo ya kuamua si mengi.

La kwanza ni kusubiriana. Kwa Waislamu, ambao ni wengi Tabora, maiti huharakishwa. Mtu akifariki alfajiri anaweza kuzikwa baada ya adhuhuri au alasiri. Kwa Wakristo kunaweza kuwa na siku moja au mbili. Vyovyote iwavyo, semeni wazi: tutamsubiri mtu mpaka saa ngapi? Likikubaliwa mapema, dada wa Itetemia hatabeba peke yake lawama ya kufunga kaburi, na kaka wa Dar hatakimbizana na ajali barabarani.

La pili ni nani anapewa nauli ya ndege. Fedha zikitosha tiketi moja, si lazima aende mwenye kipato. Pengine anayehitajika haraka kitandani ni binti ambaye mama anamtaja, na ndiye asiye na nauli. Wenye nacho wachange, yeye atangulie, wengine wafuate kwa basi.

La tatu ni akiba. Kikundi cha familia kwenye simu kinachosambaza picha na dua kinaweza pia kuchangisha kidogo kila mwezi kwa ajili ya nauli za dharura. Tiketi ya ndege inayonunuliwa siku ya safari mara nyingi ni ghali kuliko iliyonunuliwa wiki kadhaa kabla, na shida haitoi taarifa ya wiki kadhaa.

La nne ni kusema ukweli kwenye simu. “Amezidiwa” na “amefariki” ni maneno mawili tofauti. Wengi hufichwa ili wasiumie njiani, wakafanya uamuzi wa usafiri kwa habari isiyo kamili. Mwambieni angalau mtu mzima mmoja hali ilivyo, asaidie kupanga.

Kabla ya kukata tiketi

Jina la kwenye tiketi lilingane na la kitambulisho. Mama anayeitwa kwa jina la mtoto wake mtaa mzima ana jina jingine kwenye kadi ya NIDA; lisomwe pale kwanza.

Mjamzito aulize masharti kabla ya kulipa. Mashirika mengi huomba barua ya daktari mimba ikivuka wiki 28, na hukataa kumsafirisha ikivuka wiki 36. Mgonjwa anayeletwa Dar kwa matibabu, hasa aliyefanyiwa upasuaji karibuni au anayehitaji oksijeni, apate ushauri wa daktari na shirika lijulishwe mapema. Mzee asiyeweza kupanda ngazi aombewe kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, si mlangoni mwa ndege.

Dawa za presha na sukari zikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na betri za kuchajia simu, ambazo haziruhusiwi kwenye begi la chini.

Na asali. Hakuna anayetoka Tabora mikono mitupu, na asali ya miombo ndiyo zawadi ya kwanza. Ifungwe kwenye dumu lenye kifuniko cha kukaza, lizungushiwe mfuko mara mbili, liingie begi linalopimwa. Abiria wengi wameshuka Dar na nguo zinazonata.

Ukifika, utakaa siku ngapi?

Wenye misafara walitumia miezi kufika Unyanyembe, na wakifika walikaa. Walipumzika, wakaponya miguu, wakapeana habari, wakangoja wapagazi. Livingstone alikaa Kwihara zaidi ya miezi mitano. Leo mtoto anashuka kwenye ndege saa tano asubuhi, anasalimia, anakula wali kwa kuku, na tiketi ya kurudi ni ya kesho. Ukoo unamwona mara mbili kwa miaka mitatu, na mara zote mbili ni msibani.

Nauli moja ya dharura, pamoja na michango ya msiba, ingetosha safari mbili za basi wakati wa kiangazi, maembe yakiwa yamekaribia na barabara kavu. Safari hizo hazina simu ya usiku. Anayekwenda anapata muda wa kumsikia mama akieleza dawa zake, kuona paa linalovuja, kuwajua majirani wanaomwamsha asubuhi kwa “mwangaluka” na kuhakikisha ameamka.

Majirani hao ndio watakaofika kwanza, hata treni ya umeme ikija na ndege zikiongezeka. Nao wapelekewe zawadi. Ukiwa kwenye foleni ya kukata tiketi, mpigie dada uliza anayelala na mama ni nani, na jina lake uliandike.